Kupima Nafasi ya Kuku wa Nyuma ya Nyumba Kabla ya Kununua Vifaranga

Mtu anayetaka kufuga kuku nyuma ya nyumba yake mara nyingi huanza kwa kuhesabu fedha alizo nazo, huzigawa kwa bei ya kifaranga mmoja, na idadi anayoipata ndiyo anayokwenda kuinunua. Banda hufuata baadaye, likijengwa haraka kwa mabanzi na mabati yaliyobaki, mahali popote penye upenyo kati ya choo na ukuta wa jirani. Mwongozo huu unakwenda kinyume na utaratibu huo. Unaanza na futikamba mkononi na uwanja ulio mtupu, na idadi ya kuku inatoka mwishoni, ikiwa ni jawabu la hesabu na si chanzo chake.

Nina sababu ya kusisitiza jambo hili. Banda langu la kwanza, hapa Kibaha, lilikuwa na mita mbili kwa mbili. Nilinunua chotara 30, yaani kuku wa mchanganyiko wa kienyeji na wa kigeni, wa umri wa mwezi mmoja, na siku walipoingia nilifurahi kuona jinsi walivyokuwa wakikimbizana kwa raha, maana nafasi ilikuwa tele. Walipofika miezi minne walikuwa wamejaa banda zima, wakidonoana migongo hadi ngozi ikaonekana, na matandazo yalikuwa yameloa kila asubuhi hata wiki zisizokuwa na mvua. Usiku mmoja kicheche alizunguka banda kwa nje. Hakuingia wala hakumjeruhi kuku hata mmoja, lakini kuku walipotaharuki walirundikana katika kona moja, na alfajiri nilitoa saba waliokufa kwa kukosa pumzi chini ya wenzao. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja: nafasi na usalama ni jambo moja, na eneo lisilo salama haliingii katika hesabu ya nafasi, hata likiwa kubwa namna gani.

Nafasi ya usiku

Kuku wanaofugwa kwa mfumo wa nusu huria, yaani wanaotoka mchana na kufungiwa usiku, wanahitaji banda ambalo kila mita moja ya mraba inabeba kuku wakubwa wasiozidi wanne. Kipimo hiki kinamfaa kuku wa kienyeji, ambaye mtetea wake huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ukifuga chotara, ambao mitetea yao hufika kilo mbili na nusu na zaidi, hesabu watatu kwa kila mita. Ziko hesabu zinazoruhusu kuku wengi kuliko hao, nazo zinawezekana kwa mfugaji mwenye mapangaboi na mtumishi wa kugeuza matandazo kila siku. Lakini kwa banda la nyumbani, linalohudumiwa na mtu mwenye kazi nyingine, wanne ndio ukomo ambao sijawahi kujutia.

Sakafu peke yake haitoshi kukupa jawabu. Kuku hawalali chini wakipata pa kupanda, kwa hiyo kipimo cha pili ni urefu wa vichanja vya kulalia. Kila kuku apate sentimita 20 hadi 25 za ufito. Chagua ufito wenye unene wa sentimita 5 hivi, uliolainishwa kingo, ili mguu uukamate bila kuchubuka, na uuweke sentimita 60 hadi 90 kutoka sakafuni. Kama unaweka fito mbili, ziwe katika kimo kimoja, zikiachana kwa sentimita 30 au zaidi, na ule wa nyuma uwe umbali kama huo kutoka ukutani. Fito zikipangwa kama ngazi, kila kuku hugombea ule wa juu, na ugomvi wa magharibi huishia kwa dhaifu kulala chini penye unyevu. Viota vya kutagia viwe chini kuliko vichanja. Vikiwa juu, kuku watalala ndani yake na kuvichafua, na mayai yatakuwa machafu kila siku. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30, chenye kimo cha sentimita 35 na kigiza kidogo, kinatosha mitetea minne hadi mitano.

Kipimo cha tatu hakionekani, nacho ni hewa. Kuku hatoi jasho. Hupoza mwili kwa kuhema akiwa amefungua mdomo na kutanua mabawa, na kila anapohema hutoa unyevu unaobaki ndani ya banda. Kinyesi nacho hutoa ukali unaochoma macho na koo. Kwa sababu hiyo, katika ukanda wa pwani na sehemu zote za joto, ukuta uzibwe kwa tofali au mbao hadi sentimita 60 au 90 tu, na sehemu yote iliyobaki hadi kwenye paa iwe ya wavu. Upande mrefu wa banda uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi pekee. Kwa bahati njema, mkao huo pia hukaribisha upepo wa kusi na wa kaskazi. Paa la bati lisiwe chini ya mita mbili kwa kimo, na ukiweza utandike makuti juu ya bati, kwa maana bati tupu saa saba mchana hugeuza banda kuwa tanuri. Kwenye maeneo ya baridi, kama Lushoto au Njombe, ukuta unaweza kupanda hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala, ila upenyo wa hewa chini ya paa usizibwe kamwe.

Namna nzuri ya kujua kama hewa inatosha ni kuingia bandani alfajiri kabla hujafungua mlango, upige magoti, na kuvuta pumzi ukiwa katika kimo cha kuku. Mtu aliyesimama hawezi kujua wanachovuta wao. Macho yakikuwasha, ama kuku ni wengi mno, ama nyavu ni ndogo, ama matandazo yameloa. Kisha chota matandazo, yawe pumba za mpunga au maranda, uyakamue kiganjani. Ukifungua mkono na donge likabaki donge, yamelowa na yanapaswa kubadilishwa. Yakisambaratika polepole, yako sawa.

Nafasi ya mchana

Kwa uwanja wa kutembelea, mita moja ya mraba kwa kila kuku ndicho kiwango cha chini kabisa, na mita tatu ni bora zaidi. Wengi huishia hapo, wakazungushia wavu kipande cha ardhi chenye jua kali na kuamini kwamba kazi imekwisha. Baada ya wiki chache hushangaa kuona kuku wote wamejibana chini ya upenu wa banda ilhali sehemu kubwa ya uwanja imebaki tupu.

Jambo hili lina chanzo chake. Kuku wetu wametokana hasa na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini na kusini-mashariki mwa Asia, ndege anayeokota chakula chini ya vichaka na kukimbilia majani anapoona kivuli kikipita juu. Tabia hiyo haijamtoka. Uwanja ulio wazi, usio na mahali pa kujificha, kwake ni eneo la hatari, na hatautumia ila kwa kukimbia. Kwa hiyo mita 40 zisizo na kivuli zaweza kuwa sawa na mita sita tu zilizo chini ya upenu. Panda mpapai au mwarobaini kandokando, weka vibanda vifupi vya makuti vyenye kimo cha sentimita 50 hapa na pale, tandaza tawi kubwa lenye majani, na utawaona wakisambaa siku hiyohiyo. Kwa wenye viwanja vidogo hiyo ndiyo njia rahisi ya kuongeza nafasi bila kununua ardhi.

Jambo la pili ni udongo wenyewe. Kuku 15 wanaweza kumaliza majani ya uwanja mdogo katika muda mfupi, na mvua za masika zikianza mwezi Machi, ardhi iliyochakurwa hugeuka tope. Tope lenye kinyesi ndilo makazi ya vimelea vya ugonjwa wa kuharisha damu, ambao huua vifaranga kwa kasi, pamoja na mayai ya minyoo. Nashauri ugawe uwanja mara mbili kwa wavu mwepesi, kila upande uwe na mlango wake kutoka bandani, na uwaruhusu kuku upande mmoja huku mwingine ukipumzika wiki nne hadi sita. Kama eneo halitoshi kugawanywa, chimba mfereji wa kutoa maji kuelekea chini, mwaga mchanga na maranda sehemu ya mlangoni, ambako kuku husongamana zaidi, na usiweke chombo cha maji juu ya udongo mtupu. Acha pia kona kavu yenye mchanga laini na majivu kidogo kwa ajili ya kuoga vumbi. Kuku asiyepata pa kuoga vumbi hujaa utitiri na viroboto, na hapo utatumia fedha za dawa badala ya ndoo mbili za mchanga.

Usalama unaohesabika

Kabla ya kununua wavu, jiulize ni adui gani waliopo mahali unapoishi. Mjini ni mbwa, paka, panya na kunguru. Pembezoni mwa mji wanaongezeka kicheche, nguchiro, kanu, fungo, kenge anayefuata mayai, mwewe, nyoka na siafu. Kila mmoja ana njia yake ya kuingia, na wavu unaomzuia mmoja haumzuii mwingine.

Wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita, unaoitwa na wengi wavu wa kuku, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii mbwa asiingie. Mbwa huurarua kwa meno, na kicheche hupenya mahali popote kichwa chake kinapopita. Nimemwona kuku aliyevutwa mguu kupitia tundu la wavu huo akiwa amelala chini, na huo ni ushahidi mwingine wa umuhimu wa vichanja. Kwa sehemu ya kulala tumia wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, angalau katika mita moja ya chini na kwenye kila upenyo wa paa. Wavu huo ni ghali, nami nakubali hivyo. Lakini kama fedha zako hazitoshi kuzungushia banda la kuku 20, jenga la kuku 10. Wavu mwembamba utumike kwenye uwanja wa mchana, wakati watu wapo nyumbani. Wakazi wa pwani wakumbuke kwamba hewa ya chumvi hula waya haraka, hivyo kagua kutu kila baada ya miezi michache, hasa pale waya unapogusa udongo.

Wanyama wengi huingia kwa kuchimba. Fukia wavu sentimita 30 chini ya ardhi, au, ikiwa ardhi ni ya mawe, ukunje ulale juu ya ardhi kuelekea nje kwa upana wa sentimita 40 na uukandamize kwa mawe. Mnyama anayechimba huanza pale penye kona ya ukuta, na akikuta wavu chini ya makucha yake huacha, kwa sababu hajui kurudi nyuma hatua mbili.

Juu nako kuna hatari. Kunguru weusi waliotokea Bara Hindi, ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametapakaa hadi Dar es Salaam na kwingineko, huchukua vifaranga wachanga mchana kweupe, mama yao akiwa hapohapo. Wafugaji wengi wa pwani hutandaza nyavu za zamani za kuvulia samaki juu ya uwanja, nazo zinafaa sana: ni nyepesi, hazishiki kutu, na hupatikana kwa bei ndogo kutoka kwa wavuvi. Zivute zikazike, zisining'inie, kwa sababu kuku akijinasa atajiumiza. Uzio wa pembeni uwe na kimo cha mita 1.8, na kwa kuku wa kienyeji, ambao huruka vizuri, kata manyoya marefu ya ubawa mmoja tu ili akose mizani.

Siafu hawazuiliwi na wavu wowote. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo lina nafuu hapa, kwa sababu nguzo zaweza kusimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu, na sahani ya bati iliyogeuzwa juu ya kila nguzo huzuia panya na nyoka. Angalia tu kwamba majani au tawi lisiguse banda, maana siafu watapita hapo kama darajani.

Mlango ndio mahali ambapo wengi wetu tunashindwa. Weka komeo mbili, moja juu na moja chini, na chini ya mlango usiache pengo linalofikia upana wa kidole. Chagua mtu mmoja wa nyumbani mwenye jukumu la kufunga kila magharibi, na wa pili wa kumsaidia akisafiri. Banda bora kabisa lililoachwa wazi usiku mmoja ni sawa na kutokuwa na banda.

Kona ya tatu

Tenga sehemu ndogo, mita moja kwa mbili hivi, isiyopakana ukuta na banda kuu. Sehemu hiyo itatumika kwa kuku mgeni kukaa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine, kwa mgonjwa, na kwa mtetea mwenye vifaranga. Mdondo, ugonjwa hatari wa kuku uitwao pia kideri, huingia nyumbani mara nyingi kwa njia ya kuku mmoja aliyenunuliwa sokoni au aliyeletwa zawadi, na ni vyema mgeni apewe chanjo yake, ya tone moja jichoni kila miezi mitatu, kabla hajagusana na wenyeji. Bila kona hiyo, mgeni hukosa pa kuwekwa na huachwa huru na wenzake siku ileile.

Hesabu yenyewe

Tuchukue kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 20, ambacho nyumba, choo, njia ya gari na bustani vimebakiza nyuma eneo la mita 5 kwa 9, yaani mita 45 za mraba. Ondoa nusu mita kandokando ya ukuta wa jirani, kwa ajili ya kupita na kusafisha, na kwa ajili ya ujirani mwema. Kwa kuwa ukuta huo uko upande wa mita 9, zinatoka mita 4.5. Ondoa mita 2 za kona ya wagonjwa. Banda la mita 2 kwa 3 linachukua mita 6. Uwanja wa kutembelea unabaki na mita 32.5.

Sasa pima kila kipimo peke yake. Sakafu ya mita 6, kwa kuku wanne kila mita, inabeba 24. Fito mbili za mita 3 zina sentimita 600, na kila kuku akipewa 25, tunapata 24 tena. Uwanja wa mita 32.5, ukigawanywa mara mbili ili upande mmoja upumzike, unaacha mita 16 tu za kutumika kwa wakati mmoja, na kwa kiwango cha chini cha mita moja kwa kuku, unabeba 16. Idadi yako ni ile iliyo ndogo kuliko zote: kuku 16, si 24. Chombo cha chakula nacho kitoe sentimita 10 za ukingo kwa kila kuku, ili wanyonge wasisubiri wakubwa washibe.

Hata hiyo 16 si idadi ya kuanza nayo. Mtetea wa kienyeji huatamia mayai 10 hadi 13, na mitetea miwili ikiangua mwezi mmoja unaweza kuwa na vifaranga 20 kabla hujajiandaa. Vifaranga hawa wanaonekana hawachukui nafasi, na hapo ndipo mimi nilipokosea: nilipima kuku waliokuwa mbele yangu, sikupima watakavyokuwa baada ya miezi mitatu. Anza na mitetea minane na jogoo mmoja. Mapema kabisa, andika tarehe ambayo majogoo wachanga watauzwa au kuchinjwa, na kama hutaki kuongeza kundi, okota mayai kila siku usiwaache waatamie.

Kabla ya msumari wa kwanza, ulizia ofisi ya serikali ya mtaa na afisa mifugo wa kata kuhusu sheria ndogo za halmashauri yako, kwa kuwa baadhi ya miji huweka mipaka ya idadi na ya umbali. Zungumza pia na jirani ambaye dirisha lake la kulala linaangalia uwanja wako. Banda liwe mbali na kisima, na liwe upande ambao maji ya mvua hayatoki bandani kuelekea kisimani.

Banda likikamilika, usiingize kuku siku hiyo. Subiri giza liingie, washa taa yenye mwanga mkali ndani, funga mlango, kisha uzunguke nje polepole ukiwa umeinama, halafu urudie ukiangalia usawa wa paa. Kila mahali pasipo na wavu ambapo mwanga unatoka kwa upana wa kidole, weka alama kwa chaki na uzibe asubuhi. Mimi nilipofanya hivyo kwa banda langu la pili nilipata matundu 11, mengi yakiwa kwenye migongo ya bati ambako sikuwahi kutazama. Rudia zoezi usiku unaofuata hadi pasiwepo alama mpya, ndipo ulete kuku. Waingize jioni, uwaache ndani wiki nzima wakiwa na maji na chakula ili walizoee banda na kujua ni mahali pao pa kulala. Siku ya nane fungua mlango saa moja kabla ya magharibi, watoke kidogo karibu na kivuli, na giza linapoanza uhesabu wanavyorudi mmoja mmoja kupanda vichanjani.